Huo uzi mnauita sufu, wa kondoo gani?

Mhariri, salamu. Mimi ni fundi wa sweta, nafuma kwa mkono, naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua maana hili neno sufu limenichosha. Siku hizi kila uzi mnene ulio laini watu wanauita sufu, hata ule ambao haujawahi kukutana na kondoo.

Utotoni nilikuwa na sweta mbili. Moja ya dukani, nyekundu inang'aa, ukiivua gizani inatoa cheche na nywele zinasimama wima, mimi na mdogo wangu ndo ulikuwa mchezo wetu kila usiku. Ila ukikimbia kidogo tu mgongo unatota jasho halafu baridi inakuingia humohumo, na kwapani iliota vitonge vya kutosha kujaza mto (hapo nimetia chumvi). Siku nilipoipiga pasi ya moto kifua kikalegea, kikalala kama tambara la kudekia, basi. Ya pili alinifumia bibi, sufu ya kweli, kahawia, inawasha shingoni mpaka nikaichukia, naivaa kwa kulazimishwa. Lakini ndo ikadumu, nikamwachia mdogo wangu, naye akamwachia mwingine, hadi mtu alipoifua kwa maji ya moto na kuisugua weee, ikatoka saizi ya mwanasesere.

Haya yote nimekuja kuyaelewa baada ya kushika sindano mwenyewe. Ile nyekundu ilikuwa akriliki, yaani plastiki inayotokana na petroli, hainyonyi unyevu ndo maana jasho linabaki kwako, na pasi ikiwa kali uzi unalegea haurudi tena. Sufu inaweza kubeba mvuke karibu 30% ya uzito wake na bado ukaiona kavu. Kusinyaa je? Unywele wa kondoo una magamba madogo, maji ya moto na msuguano vinayafanya yang'ang'aniane. Na bibi hakukosea kitu, sufu yake ilikuwa ya nywele nene tu, unene wa unywele ukizidi maikroni 30 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) ncha zake zinachoma ngozi, wakati merino, sufu ya kondoo wa manyoya laini, huwa chini ya 24. Kwa hiyo shingoni naweka merino, mwilini sufu yoyote nzuri. Pamba naipenda ila ni nzito na ikishavutika hairudi, mikono ya sweta inarefuka yenyewe.

Sisemi akriliki ifukuzwe, mzazi asiye na muda wa kufua kwa mkono namwelewa kabisa. Ninachoomba wauza nyuzi waandike kwenye lebo kitu kilichomo, basi.

Juzi mteja kaniletea mzigo wake wa "sufu tupu", anashangaa kwa nini yangu ni ghali. Nikakata kipande nikakichoma juu ya bakuli la maji. Sufu ingenuka nywele na kuacha jivu la kusagika. Hiki kiliyeyuka, kikaacha kidonge cheusi kigumu, akakichukua akajaribu kukivunja kwa kucha, kikagoma.

Fundi sweta