Wifi, usikimbilie dawa ya ukungu

Wifi yangu,

Picha za nyanya zako nimeziona. Lile doa jeusi lililobonyea kitakoni mwa tunda si ukungu, na dawa unayotaka kununua haitalitibu. Huko ni kuoza kitako. Tunda limekosa kalsiamu, ingawa mara nyingi kalsiamu yenyewe imo udongoni. Maji ndiyo yanayoibeba kuifikisha kwenye tunda. Udongo ukikauka mpaka ukapasuka, kisha jioni moja ukamwagiwa ndoo nzima, tunda linalokua kwa kasi halipati haki yake. Zilizooza zichume utupe, zisiumalizie mche nguvu bure. Mche wenyewe usiung'oe, wifi. Maji yakikaa sawa, utashangaa zitakazofuata.

Mwagilia asubuhi, shinani, polepole, yazame. Chomeka kidole udongoni: ukikuta unyevu huko chini, acha mpaka kesho. Tandaza nyasi kavu kuzunguka shina bila kuligusa. Kwa jua la huko kwenu, matandazo yatakufaa kuliko chupa yoyote ya duka la pembejeo.

Majani usiyalowanishe. Baka jani, ule ugonjwa wa madoa ya majani, hupenda jani lililolala na maji, na masika hayo yanakuja. Simika mti kwa kila mche, funga kwa kamba laini isiyokaza, uyaondoe majani ya chini yanayogusa udongo, maana matone ya mvua huyarushia vimelea kutoka ardhini.

Ninayemhofia kweli ni kantangaze, yule mdudu ambaye viwavi wake hula nyanya kwa ndani, majani na matunda. Tangu aonekane Tanzania mwaka 2014 amewatia hasara wakulima wengi, na bustani ya nyumbani haimpiti. Liinue jani ulitazame dhidi ya jua. Ukiona mabaka meupe membamba kama karatasi, na ndani yake kiwavi mdogo wa kijani na vinyesi vyeusi, ndiye. Chuma jani hilo ulichome moto siku hiyo hiyo. Kwenye mboji usilipeleke kabisa. Na tunda lenye tundu dogo karibu na kikonyo nalo lifuate jani.

Msimu ujao tuta hilo lipe mchicha au maharage. Bilinganya, nyanya chungu na hoho usizipande hapo, ni ukoo mmoja na nyanya na magonjwa wanaambukizana.

Kesho asubuhi, kabla hujamwagilia, nipigie picha majani kwa upande wa chini, hasa ya ule mche wa karibu na ukuta. Ule umenitia wasiwasi.

Wifi yako