Tusiisifu albamu ya Adele tukalisahau koo lake

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niongeze neno juu ya makala mliyochapisha wiki iliyopita kuhusu "21", albamu ya pili ya Adele, mwimbaji wa Uingereza, iliyotoka Januari 2011. Mwandishi wenu aliisifu ipasavyo, nami sina sifa hata moja ya kuipunguzia: ilikaa kileleni mwa chati ya Marekani kwa wiki 24, ikauza nakala zaidi ya milioni 30 duniani na kumpatia mwimbaji wake tuzo sita za Grammy kwa usiku mmoja, Februari 2012. Kilichonikera ni kwamba mafanikio yote hayo yalielezwa kwa huzuni ya kuachwa na mpenzi, kana kwamba machozi yanatosha kumfanya mtu aimbe vile.

Nafundisha kwaya, na wimbo wa "Someone Like You", ambao Adele aliutunga pamoja na Dan Wilson, nimeusikiliza kwa sikio la kazi. Hauna ngoma wala gitaa. Ni piano na sauti. Beti zake zinaimbwa chini, karibu sawa na mazungumzo, kama mtu anayebisha hodi bila kujua iwapo atakaribishwa, kisha kiitikio kinapanda juu na mwimbaji hana ala nyingine ya kujificha nyuma yake. "Rolling in the Deep", aliotunga na Paul Epworth, unalitesa koo zaidi, maana pale sauti ya kifua, ile nzito tunayozungumzia, inasukumwa juu kwa nguvu, tena na tena.

Koo hilo halikuachwa salama. Mwaka huohuo wa 2011 Adele aliahirisha maonyesho yake ya Amerika Kaskazini kwa sababu koo lilikuwa limevimba, na ilipofika Oktoba akayafuta mengine kwa sababu nyuzi zake za sauti zilikuwa zinavuja damu. Novemba alifanyiwa upasuaji mjini Boston, akalazimika kunyamaza kwa wiki kadhaa, na usiku ule wa Grammy ndio uliokuwa mara yake ya kwanza kuimba tena mbele ya watu. Mwaka 2017 nyuzi hizo zilimsumbua tena, akafuta maonyesho mawili ya mwisho katika uwanja wa Wembley kwa ushauri wa madaktari. Katika makala yenu sikuona hata sentensi moja juu ya mambo haya.

Nayasema kwa uchungu kwa sababu mwaka jana binti mmoja wa sauti ya pili katika kwaya yangu aliombwa aimbe "Someone Like You" katika sherehe ya ndugu yake. Alifanya mazoezi nyumbani siku tano mfululizo, akifuatisha simu, kwa urefu uleule wa sauti anaouimba Adele. Siku ya sita alikuja mazoezini na daftari, akaniandikia kwamba hawezi kuzungumza. Tulimpa maji ya tangawizi na asali, kama tufanyavyo wote, hadi daktari alipotueleza kwamba nyuzi zimevimba na dawa yake ni kunyamaza wiki mbili, bila hata kunong'ona, kwa kuwa kunong'ona nako huzichosha. Sikuwa nikilijua hilo, na ni aibu kwa mwalimu.

Ndiyo maana namwomba mwandishi wenu, atakaporudi kwenye albamu hii, atenge japo aya moja kwa ajili ya upasuaji ule wa Boston. Wanakwaya wangu husoma ukurasa wenu wa burudani kabla ya mazoezi, na wengi wao wanaamini kwamba sauti inayokwaruza ni alama ya hisia.

Binti huyo amepona. Tumemshushia wimbo hatua mbili kwenye kinanda, na kiitikio anakiimba mara moja tu kwa kila zoezi.

Mwalimu wa kwaya,
Morogoro