Bibi yetu, mwalimu wa wengi

Mhariri,

Naomba nafasi nimkumbuke bibi yetu, mwalimu mstaafu, tuliyemzika hapa Jinja mwezi uliopita. Alishika chaki kabla ya uhuru wa Uganda wa 1962, na hata miaka ya utawala wa Idi Amin, wenzake wengi walipokimbilia nchi jirani, hakuliacha darasa.

Elimu ya msingi ilipofanywa bure mwaka 1997, watoto walifurika. Wadogo aliwaketisha chini ya mwembe, penseli akazikata vipande viwili kwa wembe ili kila mmoja apate cha kuandikia. Sisi wajukuu pia hakutuachia: barua tulizomwandikia tukiwa bweni alizisahihisha kwa kalamu nyekundu, akaturudishia pamoja na hela ya sabuni.

Kinachoniuma ni pensheni yake. Aliifuatilia akiwa na bahasha ya vyeti kwapani, njoo kesho, njoo wiki ijayo, na ilipotoka miguu ilikuwa imekwisha nguvu. Wenzake wa rika lake wangali wanasubiri. Tafadhali, wahusika, walipeni wangali hai.

Na nyinyi wanafunzi wake mliotoka Iganga, Mbale na Kampala kuja kumzika, ahsanteni sana.

Mjukuu wake,
Jinja