Nyumba uliona ku telefone: uliza hii mbele ya kupanda taxi

Bakliya yetu mingi banafikaka ku biro yetu ya kuuzisha nyumba, hapa Lubumbashi, na telefone mu mukono, banatuonyesha foto: salon kubwa, karo inang'aa, bei inafurahisha, "njo hii nyumba nataka." Siye tunauliza kwanza: iko wapi? "Golf." Golf gani? Hapo muntu ananyamaza, juu Golf Plateau na Golf Malela si bei moja, na kuko matangazo yenye inaandika "Golf" kumbe ni mbali nyuma ya Golf, kwenye barabara ya lami haifike.

Lubumbashi iko na komini 7, kwa hiyo ukitafuta "nyumba Lubumbashi" utachoka bure. Andika kartie yenyewe, Bel-Air, Kalubwe, Makomeno, na avenye kama unaijua. Tafuta na kifaransa pia, "maison à vendre", "parcelle à vendre", hata na makosa: "parcele" ya l moja, juu bakomisioneri, benye banatafutiaka bantu nyumba, banaandikaka haraka haraka na nyumba nzuri inaweza kujificha nyuma ya neno yenye kuandikwa vibaya. Na angalia tarehe. Tangazo ya miezi 8 ingali inasema "disponible" lakini nyumba iliisha kuuzishwa zamani, wanaiachaka pale ili uite, kisha banakupeleka ku ingine.

Mama mumoja alituletea nyumba ya Bel-Air yenye aliona ku grupe ya Facebook. Tukachukua ile foto, tukaipitisha mu Google Lens, yenye inatafutaka foto ku internet, ikatokea mu matangazo ine ingine na bei tatu tofauti, lupango ni ile ile. Kila komisioneri alikuwa ameongeza yake. Basi usikimbilie bei ya chini wala usiogope ya juu, tafuta nani anaongea na mwenye nyumba mwenyewe, njo bei ya kweli utaisikia.

Tena foto za mwezi wa 7 zinadanganya, miye nasema vile kila siku. Kiangazi udongo ni mukavu, yote iko muzuri. Mvula ikianza kunyesha, kuanzia mwezi wa 11, njo utajua kama gari inafika ku mulango, na kama lupango iko karibu na muto Naviundu ao mu bonde yoyote mayi itakutafuta. Omba video ya njia kutoka barabara ya lami mpaka ndani. Uko na ordinatere? Fungua Google Earth, inaonyesha picha za miaka ya nyuma, utaona kama pale palikuwa njia ya mayi ao nyumba ya muntu mwingine. Na wakiandika "SNEL na Regideso", ni kusema umeme na mayi ya Serikali, uliza: mayi inatoka kweli, siku ngapi mu juma? Kuko foraje, kisima ya kutoboa? Kontere, ile ya kupima umeme ao mayi, ni ya nyumba hii peke yake ao munagawana na jirani?

Lakini kwenye bantu banapotezaka feza ni mu makaratasi, na hapa tunaomba mutusikie. Sheria ya tarehe 20 mwezi wa 7 mwaka 1973 inasema udongo ni ya Serikali, muntu anapewa konsesio, ni kusema haki ya kuitumia, na karatasi yenye inahakikisha ile haki ni "certificat d'enregistrement" (sertifika) ya konservatere, mukubwa wa Serikali mwenye kuandika haki za udongo. Si fishi parselere, ile karatasi ya lupango yenye kartie inatoa. Si kontra ya lokasio na Serikali pia, ile ni ya muda tu, inakuomba ujenge kwanza. Tangazo ikisema "dokima iko kamili" uliza dokima gani, jina ya nani, namba gani ya kadastre (biro yenye kupima na kuandika malupango), ilitoka mwaka gani. Sertifika ikipita miaka 2 inakuwa na nguvu sana, ngumu kuishambulia ku tribinali. Jina ya juu ya sertifika na jina ya karte ya muuzishaji zifanane. Kama baba alikufa na batoto banauzisha, taka kuona bote benye haki, siyo yule mukubwa peke yake mwenye kuharakisha, maana wengine watakuya kukugongea mulango na wewe umeisha kupaka rangi.

Feza ya "kuhifadhi nyumba" ku M-Pesa ao Airtel Money mbele hujaikanyaga, hapana. Hata akisema kuko mwingine anakuya saa kumi na feza mu mufuko. Mwache akuye.

Sasa kama umepata tangazo na haujui kuisoma, tutumie lien ku WhatsApp, na namba ya lupango kama umeipata. Siye tunaenda ku biro ya kadastre, tunauliza, tunapita pale mangaribi kuona kama umeme inawaka, tunaongea na majirani, na tunakuambia mbele haujalipa hata taxi. Kama nyumba ni mbaya tunakuambia ni mbaya, hata ingekuwa siye tunaiuzisha.