Mdogo wangu, wazungu hawakuzaliwa na mashine

Mdogo wangu, ile voisi yako ya juzi nimeisikiliza mara mbili, ile unacheka eti wazungu wamezaliwa wamekuta mashine, hawajui kufua wala kulima. Nikasema hii siijibu kwenye grupu, naandika hapa wasome wote.

Unajua kazi yangu huku Iowa, Marekani, ni kumtunza huyu bibi, kazaliwa 1947 kwenye kamji kadogo ka wakulima, barabara moja ya maduka, makanisa mawili ya Kilutheri yasiyopatana (hilo umelielewa haraka) na mahindi kila upande. Akianza kuhadithia jioni utadhani anaongelea kwetu Mbozi.

Jumatatu ilikuwa ya kufua, mji mzima kamba zimejaa nguo, na mama aliyechelewa kuanika anasemwa. Mashine ilikuwepo kweli, ila ni pipa lina rola mbili juu, unapitishia nguo kwa mkono zinakamuliwa, ukizubaa inakula vidole. Jumanne kupasi, kutwa nzima.

Sasa hapa ndo utacheka. Chakula cha kuku kilikuja kwenye magunia ya pamba yenye maua, maana wenye viwanda walishaona akina mama wanashonea nguo yale magunia, wakaanza kuyachapa urembo makusudi. Gauni la mtu mzima linataka kama magunia matatu ya ua moja, kwa hiyo baba yake akienda dukani anatiwa kipande cha kitambaa cha sampo mfukoni, na kama ua linalotakiwa liko gunia la chini kabisa basi vijana wa dukani wanapangua rundo lote huku mzee kasimama anaangalia viatu vyake. Bibi bado ana kitambaa kimoja, vijiua vya bluu, kafunikia redio. Mi nilidhani ni kitenge.

Asichokichekea ni kiangazi cha 1952. Mwaka ule Marekani walipata wagonjwa wa polio zaidi ya 57,000, watoto hawaruhusiwi kuogelea wala kwenda kwenye watu wengi, na kila asubuhi mama yao anawapanga mstari wainamishe kidevu mpaka kifuani, aone kama shingo imekaza, maana hiyo ni dalili ya polio. Chanjo ya polio, ile ya daktari Salk, ikaja 1955, wakaanza na watoto wa darasa la kwanza na la pili, yeye yuko la pili, anasema alilia kwa ajili ya sindano halafu akageuka akamkuta mama yake nae analia, akajua basi hii sindano inaua.

Na kulima usiseme. Mwezi wa saba vijana wa miaka kumi na nne hivi wanapandishwa lori alfajiri kwenda kung'oa mbelewele za mahindi, yale maua ya dume ya juu, mstari kwa mstari, ili hiyo mistari ichavushwe na ya jirani itoke mbegu chotara. Ndo zile zile unazonunua kila msimu ukilalamikia bei. Asubuhi umande unawalowesha chapachapa, mchana jua, majani yanawachana mikono, hela yenyewe kidogo, na bado walikuwa wanagombania nafasi kwenye lori kwa sababu ndo mahali pekee pa kuongea na wavulana bila mama kusikia.

Maana kwenye simu haiwezekani. Laini moja ilikuwa ya nyumba kama nane, kila nyumba ina mlio wake, kwao ni mmoja mrefu na miwili mifupi, lakini ikilia ya yeyote wote wananyanyua kimya kimya wanasikiliza. Kulikuwa na mama mmoja ana saa kubwa ya ukutani, ukiongea unasikia tik tok kwa nyuma unajua tayari yuko hewani, basi bibi yake alikuwa anakatiza maongezi anamsalimia kwa jina, na yule mama anaitikia!

Nikamwambia bibi na sisi tunayo laini hiyo hiyo, tuna grupu la familia, saa haisikiki ila kuna tiki mbili za bluu.

Shangazi shikamoo, najua umeshafika hapa.