Mume wangu aliwaambia ndugu zake wanachangia moshi

Anti, shikamoo.

Naandika saa tisa usiku, niko jikoni. Mlango wa nyuma nimeufunga na ufunguo nimeurusha juu ya kabati, ambako siufikii bila kupanda stuli, na mimi stuli sipandi tena miaka mingi. Nimefanya makusudi. Pakiti ya mume wangu iko barazani, kwenye nondo za dirisha, zimebaki sigara nne. Nilizihesabu saa nne alipokwenda kulala.

Tafadhali usianze kwa kuniambia nisamehe. Wote wameshaniambia nisamehe.

Anti, yule mtu alisema "mnachangia moshi". Mbele ya mama yake, mbele ya shemeji zangu na mawifi, kwenye kikao cha kunichangia hela za operesheni ya kupunguza tumbo, ambacho chakula chake nilipika mimi. Nilianza kumenya ndizi za machalari tangu alfajiri, na magoti haya unayajua ukiwa mnene yanavyouma ukisimama muda mrefu. Tulipokaa, nikawekewa viti viwili vya plastiki vilivyopachikana, kama ninavyowekewa siku zote, na wala sikujali. Shemeji mkubwa akauliza swali la kawaida tu, kwamba hospitali wameshatoa tarehe ya operesheni au bado. Mume wangu akajibu huku anacheka, "Tarehe inakuja, ila jamani mjue mnachangia moshi. Huyu mwenzenu anavuta kuliko mimi."

Wakacheka. Mama mkwe hakucheka. Aliangalia vidole vyangu.

Miaka 19 naingia na kutoka nyumba ile ya Kibosho na mama yule hajawahi kujua. Nilikuwa naanza kutafuna iliki tukiwa bado kwenye daladala. Nilikuwa na kitenge cha kubadilisha ndani ya mkoba. Krismasi watu wote tukiwa kule juu, siku nne, tano, nilikuwa nakaa bila hata moja, kichwa kinapasuka, naambiwa mbona umenuna, nasema presha. Hayo yote yalifutwa kwa sentensi moja, na aliyeifuta ndiye aliyeniwashia sigara ya kwanza.

Ndiyo, yeye. Wakati ule alikuwa mwanaapolo, mchimbaji wa tanzanite kule Mirerani, na mimi nilikuwa mama lishe, binti wa miaka 21, naamka saa kumi kuwasha moto kwa ajili ya chai ya watu wanaoshuka machimboni. Upepo wa kule na vumbi lile, na baridi ya alfajiri. Akaniambia vuta hii, itakutoa baridi na njaa. Ikanitoa kweli. Sikuitafuta mimi. Na sikuwa mnene wakati huo, nina picha.

Nisikuchoshe na habari za mwili, unawajua watu wa aina yetu. Nina kilo 128, urefu sentimita 162. Sukari ninayo, presha ninayo, usiku nakoroma mpaka pumzi inakatika na mwanangu wa kidato cha pili anakuja kunitikisa. Bodaboda wanaangalia pembeni nikiwapungia mkono. Nimejaribu mazoezi, nimejaribu kula mara moja kwa siku, nimekunywa maji ya limao na tangawizi na dawa za wamama wa sokoni mpaka nikaharisha wiki nzima. Watu wanadhani mtu anakimbilia kukatwa tumbo kwa uvivu. Mimi sikukimbilia. Daktari ndiye aliyesema kwa sukari hii na uzito huu, operesheni itanisaidia kuliko vidonge vya kuongezewa kila mwaka.

Na alinieleza vizuri, sina ugomvi naye. Alichora kwenye karatasi. Tumbo wanalikata kwa urefu, wanatoa karibu robo tatu, linabaki bomba jembamba kama ndizi. Pale lilipokatwa panabanwa kwa pini ndogo ndogo safu nzima, halafu pale ndipo panatakiwa pashikane na kupona. Kisha akaniuliza kama navuta sigara. Mume wangu alikuwa amekaa pembeni yangu. Nikasema ndiyo. Ilikuwa mara ya kwanza maishani nimeulizwa na nikasema ndiyo.

Hakunigombeza. Alisema sigara inabana mishipa ya damu, na ule moshi unachukua nafasi ya hewa safi ndani ya damu, kwa hiyo kidonda hakipati hewa ya kukiponya. Ile safu ya pini ikiachia, vya tumboni vinamwagika ndani, na hapo mtu anaweza kufa. Akataja na damu kuganda miguuni, na kifua kujaa makohozi baada ya usingizi wa operesheni. Akasema wiki 8 bila hata moja, halafu watapima mkojo. Kuna kitu kinaitwa kotinini, mwili unakitengeneza kutokana na nikotini, kinakaa siku kadhaa baada ya mtu kuvuta. Hata zile bigijii za kuachia sigara alinikataza, kwa sababu nazo zina nikotini na kipimo hakijui umeitoa wapi.

Mume wangu alisikia yote haya. Kwa masikio yake. Nakwambia hili ili usije ukasema labda hakuelewa.

Nikaacha. Anti, naomba uelewe neno hilo, niliacha. Siku ya kwanza nilitoa pakiti kwenye mfuko wa aproni, nikazivunja moja moja kwenye ndoo ya maji ya deki. Wiki ya kwanza nilikuwa kama mgonjwa wa malaria, natetemeka, nagombana na wateja, soko zima la Memorial ninakouzia nguo walijua kuna kitu. Kikohozi badala ya kupungua kikazidi. Choo kikagoma. Nilikuwa natafuna karafuu mpaka ulimi unakufa ganzi. Daktari alisema hamu ikija haikai, inapita ndani ya dakika chache, kwa hiyo nilikuwa naweka simu mezani naangalia saa, dakika moja, mbili, tatu, nahesabu nguo kwenye robota, moja, mbili, mpaka inapita. Nyuma ya vyoo vya soko, pale tulipokuwa tunavutia na mwenzangu, nikaacha kupita kabisa. Nilikuwa nazunguka upande wa pili kwenye jua, na kilo zangu hizi.

Siku 44. Siku ya kikao ilikuwa ya 44.

Sasa rudia kusikiliza alivyosema. Hakusema "alikuwa anavuta". Alisema "anavuta". Anajua siku zangu, kwa sababu nilikuwa naziandika kwa kalamu kwenye kalenda ya kanisani iliyoko sebuleni, juu ya televisheni anayoangalia mpira. Angeweza kusema, jamani mwenzenu alikuwa anavuta na sasa ameacha, ana siku 44, mpigieni makofi. Hata kama aibu ingekuwa ile ile, ningeibeba. Nimekaa siku hizi zote naisikia hiyo "anavuta", nikikunja nguo naisikia, nikiosha vyombo naisikia.

Na yeye mwenyewe anavuta sebuleni! Hakuna kikao kilichoitwa. Mama yake ana kopo la ugoro kwenye pindo la kitenge chake, kila mtu anamwona akinusa, na ni bibi anayeheshimika. Sisemi vibaya, ni mama yangu. Nasema tu kwamba alinitazama vidole.

Kuhusu hela, zile si zao zote. Shemeji mkubwa alitoa milioni 2, Mungu ambariki, na wengine walitoa walichoweza. Milioni 3 ni za kwangu, nimezitoa kwenye kikoba, na nadaiwa mpaka Desemba. Kwa hiyo hata kama ningekuwa nachoma moshi, ningekuwa nachoma wa kwangu. Tangu kikao kile wifi mmoja aliyeahidi laki tano hapokei simu yangu.

Usiku ule tuliporudi nyumbani nilivuta mbili. Nilichukua kwenye pakiti yake, nikakaa kwenye ngazi ya nyuma, nikavuta zote mbili bila kupumzika. Kichwa kilizunguka kama siku ile ya Mirerani. Asubuhi sikuandika 45 kwenye kalenda. Hakuuliza.

Anti, kuna jambo jingine nalo linanichanganya. Tangu niache nimeongezeka kilo 4. Ulimi umerudi, kila kitu kina ladha. Parachichi lina ladha, hata ugali mtupu una ladha. Nilikuwa naamka usiku nakula karanga kwa sababu mikono haina kazi. Sigara ndiyo iliyokuwa inanizuia kula, na hilo hata daktari alikubali, kwamba nikotini inapunguza njaa na wengi wanaoacha wanaongezeka. Lakini papo hapo anataka niingie chumba cha operesheni nikiwa nimepungua, maana ini langu lina mafuta na limevimba juu ya tumbo, na lisiponywea kidogo watapata shida kulifikia tumbo lenyewe. Sasa mtu aache kinachomzuia kula, halafu apungue, halafu ndugu wamcheke, halafu atabasamu. Wakati mwingine nawaza niachane na hiyo operesheni nibaki na mwili wangu na sigara zangu, nife nikiwa nimeshiba. Halafu pumzi inakatika usiku, namwona mwanangu amesimama kitandani kwangu analia, na mawazo hayo yananitoka.

Nataka hiyo operesheni. Naitaka sana.

Alhamisi ya wiki ijayo ndiyo siku ya kipimo, wiki 8 zinatimia. Nimepiga hesabu mpaka nimechoka. Zile mbili zilikuwa Jumamosi. Na nikisema mbili sijakwambia ukweli wote, ni tano. Jumapili moja baada ya ibada, na jana mbili. Kama nikiacha kuanzia usiku huu, nina siku tisa kamili. Labda mkojo utakuwa safi. Labda hautakuwa, na yeye bado anavutia sebuleni, sijui na moshi wake unahesabiwa. Nilimwomba avutie nje hizi siku chache tu. Akasema nyumba ni yake.

Mwenzangu wa sokoni, sitasema anauza nini, ameniambia nisijitese. Amesema yeye hajawahi kushika sigara, atajaza kichupa cha dawa ya kikohozi, nikifunge kiunoni ndani ya kitenge kipate joto, nikiingia chooni nimimine. Amesema wengi wanafanya. Nilimwambia hapana. Lakini sikumwambia hapana kwa nguvu, na jana ameniuliza tena tuonane Jumanne au Jumatano.

Mimi si mwizi, na wala si mwongo, ingawa najua ukisoma habari za iliki utaniona mwongo. Ile ilikuwa heshima. Hata wewe ungefanya hivyo kwa mama mkwe wako. Ila hiki kichupa ni kitu kingine, maana najua kipimo kikisema niko safi, watanikata, na zile pini hazitadanganyika na mkojo wa mtu mwingine. Na nikisema ukweli nitaambiwa nianze wiki 8 upya. Nikirudi na wiki 8 upya, yeye atawaambia nini ndugu zake? Unajua atawaambia nini. Atakuwa amesema kweli, Anti. Hapo ndipo panaponinyima usingizi. Siku aliyolisema halikuwa kweli, na mimi mwenyewe ndiye niliyekwenda kulifanya kuwa kweli usiku ule ule, kwa sigara zake.

Dada yangu wa Arusha anasema nihamie kwake mpaka operesheni iishe, kwake hakuna anayevuta. Nilimwambia siwezi kuacha biashara. Biashara ningeweza kuiacha kwa mdogo wangu, sema nikiondoka sasa itaonekana nimekimbia aibu. Halafu nani atampikia? Usishangae kwamba nauliza hilo. Nina hasira naye lakini ndiye aliyenifunga kamba za viatu kila asubuhi kwa miaka mitatu sasa, kwa sababu mimi siinami. Anapiga goti anafunga. Hata Jumapili, siku moja tu baada ya kikao, alipiga goti akafunga. Nilimwangalia utosi nikashindwa hata kuanza kuongea.

Siombi uniambie nimwache. Siombi pia uniambie yeye ana haki kwa sababu ni mwanaume na alikuwa anatania. Kama ulikuwa utani, mbona mama yake hakucheka.

Nikisema ukweli kwa daktari, je, wanaweza kunifuta kabisa kwenye orodha, au wanampa mtu nafasi ya pili? Hilo ndilo naomba unijibu, na ujibu kabla ya Jumatano ya wiki ijayo, kwa sababu tiketi za basi la alfajiri kwenda Dar zimeshakatwa, mbili, siti za pamoja, yeye dirishani. Ndiye anayenisindikiza. Atakaa kwenye kile kiti cha pembeni kama mara ile, na daktari ataniuliza kama mara ile. Sijui kama mke anaruhusiwa kumwomba mume wake asubiri nje ya mlango, wakati nauli kalipa yeye.

Mama wa watatu,
Moshi