Shaba si magodoro

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako alikuwa ananisomea ujumbe wako, alipofika pale uliposema "baba, gari halishiki breki kama wakati wa kwenda" nikamnyang'anya simu. Wakati wa kwenda ulibeba magodoro. Sasa umebeba shaba ya Zambia. Nusu ya jibu ni hiyo.

Magodoro yanajaza tela lote, hayakupi nafasi ya kukosea. Shaba tani 28 inakaa chini kabisa na sakafu kubwa inabaki wazi, kwa hiyo inapangwa popote anapotaka mwenye folklifti, na yeye ana haraka zake. Akiirundika nyuma, tela linataka kuinua pua. Hosi, yaani kichwa kinachovuta tela, inakuwa nyepesi pale pale tela linapoilalia, matairi yake ya nyuma hayabanwi vizuri kwenye lami, ukikanyaga yanafunga na kuteleza. Akiirundika mbele, hosi inalemewa, matairi ya tela ndiyo yanayoteleza, na mkia utauona kwenye kioo ukija pembeni yako.

Tiketi ya mizani usiisome jumla tu kama wenzako. Gari lako, hosi ekseli tatu na tela ekseli tatu, linaruhusiwa tani 8 kwenye ekseli ya mbele, 18 kwenye ekseli mbili za nyuma za hosi na 24 kwenye ekseli za tela. Ukikuta tela limegusa 24 na ekseli za nyuma za hosi zina 13, askari atakuruhusu upite, lakini mzigo wako umekaa vibaya.

Mwendo nao uuogope. Kutoka 40 kwenda 80 nguvu ya kusimamisha haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne, na yote inageuka moto kwenye madrami ya breki ndani ya magurudumu. Drami likichemka linatanuka, linakimbia viatu vyake vya breki. Unakanyaga na hupati kitu. Ndiyo maana mteremko wa Kitonga huuteremki kwa kutegemea mguu wa breki tu. Punguza mwendo huko juu kabla mteremko haujaanza, ingia gia nzito, washa breki ya ekzosi, ile inayobana moshi ili injini ishike gari, kisha kanyaga imara kwa muda mfupi na uachie, drami zipumue. Mambo ya kuweka free, gari literemke bila gia, ili kuokoa dizeli waachie wanaotaka kuandikwa kwenye magazeti.

Lakini usidhani tela tupu ni salama. Mimi lililonifundisha adabu lilikuwa tupu. Mvua ya manyunyu, lami imeanza tu kulowa, ng'ombe akakatiza nami nikakanyaga kwa woga. Breki za tela zimetengenezwa kwa mzigo kamili. Bila mzigo zikafunga matairi papo hapo, tela likateleza likataka kunipita. Nililiokoa kwa kuachia breki, jambo ambalo mguu wenyewe ulikuwa unakataa. Utingo wangu alishuka akaenda kukaa chini ya mti, hakusema neno mpaka Mikumi. Magari yenu mapya yana vifaa vya kuzuia matairi kufunga, sawa, ila lako ni la mwaka gani?

Ukifika mizani ya Makambako nitumie picha ya tiketi kabla hujaondoka. Kagua na minyororo. Shaba isiyofungwa haisimami gari linaposimama, inakuja mbele kukutafuta kwenye kabini. Kama tarakimu za hosi ni ndogo, mpigie tajiri mzigo upangwe upya hapo hapo. Akigomba, mpe namba yangu.

Baba yako